Mguu wa Upande wa Pili

Palikuwa na mlima, ndugu zangu, na mlima huo ulikuwa umelala mahali pasipofaa.

Kusini mwake palikuwa na machimbo ya makaa ya mawe. Kaskazini mwake palikuwa na mji wa viwanda, mji wa baridi kali, ambao bila makaa hayo usingeweza kupika wala kuota moto. Mlima ukakaa katikati kama mtu aliyeketi kizingitini. Nchi ni ile ya Waingereza, miaka mia mbili hivi iliyopita, kabla reli haijaenea, wakati mizigo mizito iliposafiri juu ya maji: si mtoni, bali katika mifereji iliyochimbwa kwa mikono ya watu. Mashua zilivutwa na farasi aliyetembea ukingoni. Farasi mmoja, juu ya maji yaliyotulia, alivuta tani ishirini. Barabarani farasi huyohuyo hakufikisha hata tani mbili. Ndiyo maana watu wale waliuheshimu mfereji. Lakini mfereji haujui kuruka mlima. Basi wakafanya nini? Waliutoboa.

Tusiliruke neno hilo kama tunavyoruka dimbwi. Handaki la mfano wetu, ambalo nimelitunga ili tulione vizuri, lilikuwa na urefu wa mita elfu mbili na mia nne. Wachimbaji walikuwa na sururu, makoleo, baruti kidogo na mishumaa. Walianza kutoka ncha zote mbili. Kisha wakapanda juu ya mlima, wakachimba visima viwili virefu vya kushuka hadi usawa wa mfereji, na chini ya kila kisima wakaanza tena, kikundi kimoja kikielekea kaskazini na kingine kusini. Hesabuni pamoja nami: ncha mbili, na visima viwili vyenye pande mbilimbili, ni vikundi sita vinavyochimba gizani kwa wakati mmoja, havionani wala havisikiani. Miaka kumi na mmoja. Gawanya, nawe utaona kwamba kila kikundi kilisonga nusu shibiri kwa siku ya kazi. Nusu shibiri! Mtu anaamka alfajiri, anashuka ardhini, anatoka jua limezama, na mkewe akimuuliza, "Leo mmefika wapi?" anamjibu kwa vidole. Na vikundi hivyo vilipokutana, kuta zilipishana kwa upana wa vidole vinne tu. Mwenye kiburi cha shule na aje anionyeshe kazi yake iliyonyooka hivyo.

Hata hivyo kila hatua ya upana iligharimu jasho, kwa hiyo walilichimba jembamba. Mashua zenyewe zilikuwa nyembamba na ndefu kama ganda la haragwe: mita ishirini na moja kwa urefu, mita mbili na kidogo kwa upana. Handaki likaachiwa nafasi ya mashua moja na shibiri moja na ushei kila upande. Farasi hakuwa na pa kukanyaga. Alifunguliwa kamba mlangoni, akapandishwa mlima na kuteremshwa upande wa pili, akasubiri huko.

Na mashua je, isiyo na farasi, isiyo na tanga, ndani ya tumbo la mlima? Nani aliivuta?

Hakuna aliyeivuta. Ilitembezwa. Watu wawili walilala chali juu ya ubao uliokatiza mbele ya mashua, vichwa vyao vikikaribiana katikati, miguu yao ikielekea kuta, mmoja kulia, mmoja kushoto. Wakautembea ukuta. Umenielewa? Walitembea wakiwa wamelala, hatua kwa hatua juu ya matofali, na mashua yenye tani ishirini ikasogea chini ya migongo yao. Kila hatua ilisogeza mashua kama sentimita arobaini. Basi handaki zima lilikuwa hatua elfu sita kwa kila mtu, ukihesabu za mguu wake wa kulia na wa kushoto pamoja, na wasukumaji wazuri walizimaliza kwa saa moja na nusu. Watu wengi wanastaajabia mlima uliotobolewa. Mimi nawastaajabia zaidi hawa waliolala.

Sasa, katika mfereji huo alikuwako binti mmoja aliyezaliwa ndani ya mashua na kulelewa ndani ya mashua. Nyumba yao ilikuwa chumba kidogo cha nyuma, kipana kama meza tatu, chenye jiko, kitanda cha kukunja na vikombe vilivyotundikwa. Mama yake alifariki alipokuwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo usukani ulikuwa wake, na upande wa pili wa ubao wakalala vibarua wenye nguvu waliokodiwa mlangoni. Baba yake alikuwa mtu wa miraba minne. Katika mfereji wote, tangu machimboni hadi mjini, hakuna msukumaji aliyetajwa kabla yake. Walisema akikanyaga ukuta, matofali yanaomba msamaha.

Binti huyu alipendwa na kijana wa nchi kavu, mshonaji nguo wa mjini. Washonaji wa siku zile walikaa juu ya meza wamekunja miguu kuanzia asubuhi hadi jioni, na kijana huyu alikaa hivyo tangu akiwa na miaka kumi. Mikono yake ilikuwa ya ajabu. Miguu yake ilikuwa ya kukalia.

Na watu wa mashua walikuwa na desturi: hakuna mwanamume anayemtoa binti ndani ya mashua pasipo kulala ubaoni na baba yake na kupita mlima, mguu kwa mguu, siku ya harusi yenyewe. Kanisa lilikuwa upande wa kaskazini, mwendo wa nusu saa kutoka mdomo wa handaki. Sheria ya nchi ile, wakati ule, ilitaka ndoa ifungwe kabla ya saa sita mchana. Shangazi wa binti alikwisha kumchukua farasi na kupanda naye mlimani. Ilikuwa karibu saa tatu asubuhi.

"Hiyo miguu," baba alisema akimtazama mshonaji akivaa buti za kazi, "ni yako mwenyewe, au umeiazima pamoja na buti?"

"Ni yangu, mzee. Sikupata wa kumwachia."

Binti alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Baba hakucheka.

"Desturi unaijua?"

"Naijua, mzee."

"Na kengele ya saa sita unaijua?"

"Ikigonga kabla hatujasimama mbele ya mchungaji, hakuna ndoa leo."

"Si leo tu," baba akasema. "Ikigonga, nitajua Mungu amesema. Sitaki kulisikia jina lako tena juu ya mashua yangu. Umekubali?"

Kijana akamtazama binti aliyesimama nyuma, mita ishirini mbali, mkono juu ya usukani, amevaa koti kuukuu juu ya gauni ambalo yeye mwenyewe alilishona kwa majuma saba. "Nimekubali," akasema, akalala chali.

Waliingia saa tatu kamili. Binti aliitazama saa iliyotundikwa kwenye mlango wa chumba, chini ya taa, kisha mdomo wa handaki ukawafunika na mwanga wa mchana ukawa sarafu nyuma ya mgongo wake.

Alilijua handaki hilo kama mnavyoijua njia ya kwenda kisimani. Alijua mahali maji yanapodondoka, mahali matofali yamepinda, na harufu ya kila kisima cha hewa. Lakini kuna jambo alilolijua kwa mkono zaidi kuliko kwa macho: usukani. Mashua ilipokwenda sawa, usukani ulilala kiganjani kama ndege. Leo, kabla hawajamaliza hatua mia moja, ulianza kumvuta.

Huko mbele alizisikia buti za baba yake zikipiga ukuta wa kulia: dii, dii, dii, kama mtu anayebomoa mlango. Ukuta wa kushoto ulitoa sauti ndogo, ya haraka haraka, ya mtu anayekimbia nyuma ya mwingine. Sasa fikirini: mashua ikisukumwa sana kutoka ukuta wa kulia na kidogo kutoka wa kushoto, pua yake itaelekea wapi? Itageuka kushoto. Kwa nani? Kwa yule mwenye nguvu chache. Nafasi ya shibiri moja iliyokuwa kati ya mashua na ukuta wake ikawa nusu shibiri. Magoti yake yakakunjwa hadi kifuani. Na mtu ambaye magoti yako kifuani anasukuma nini? Kadiri alivyobanwa ndivyo alivyodhoofika, na kadiri alivyodhoofika ndivyo alivyobanwa.

"Sukuma, fundi!" baba alisema. "Au unatafuta sindano?"

"Nasukuma, mzee."

"Mbona upande wako ndio unaokwaruza?"

Ni kweli, upande wake ndio uliokwaruza. Ushahidi wote ulikuwa dhidi yake. Angekuja mpimaji yeyote na kamba yake akapima, angeandika: kushoto kumepungua.

Binti alifanya alilofundishwa. Akaukaza usukani ili kuirudisha pua katikati. Mashua ikarudi, kijana akapata nafasi ya kunyoosha magoti, akasukuma; baba naye akakanyaga kwa nguvu zaidi; pua ikaenda tena kushoto. Binti akakaza zaidi. Mwishowe aliushika kwa mikono miwili, kiuno kimeegemea, na maji yakaguguma nyuma ya ubao wa usukani kama chungu kinachochemka.

Hakusema neno. Angesema nini? Aseme, "Baba, kosa ni lako," mbele ya mkwe, siku ya harusi, mtu ambaye heshima yake yote katika dunia hii ni ile miguu miwili? Alinyamaza kwa heshima. Ndivyo alivyojiambia.

Walipofika chini ya kisima cha kwanza, mwanga ulishuka kutoka juu ya mlima kama nguzo ya unga, na matone yakawapiga usoni. Alitazama saa. Saa nne na dakika ishirini. Kisima cha kwanza kiko mita mia nane kutoka mlangoni. Kwa hiyo dakika themanini zimekwenda, na theluthi mbili za mlima bado zimebaki. Alikuwa binti wa mfereji. Hesabu hiyo haikuhitaji karatasi. Kwa mwendo huo wangetoka saa saba mchana.

Ndipo akahisi kitu kikigusa mashua yao kwa nyuma. Dup. Kama mtu anayebisha hodi.

"Enyi wa mbele!" sauti ya kikongwe ikaita. "Mmelala au mmekufa? Kama mmelala, amkeni. Kama mmekufa, semeni tujue tuimbe nini."

Binti aligeuka. Taa ya mashua nyingine ilikuwa mkono mmoja tu kutoka kwake, na chini ya taa hiyo, juu ya ubao, walilala mume na mke aliowafahamu tangu utoto, wazee ambao miaka yao ukiijumlisha ilipata mia moja thelathini na mitano.

"Shikamoo bibi. Shikamoo babu. Mliingia saa ngapi?"

"Saa nne kasoro dakika kumi," mzee akajibu. "Mlinzi wa mlango alituambia tusiharakishe, mbele yuko baba yako, hatutamwona hata moshi."

Dakika hamsini nyuma yao. Na njia ambayo mtu mwenye nguvu kuliko wote aliipita kwa dakika themanini, wazee hawa wameipita kwa dakika thelathini.

"Kuna shida gani huko?" mzee akauliza kwa sauti.

"Nina fundi wa nguo upande wa pili!" baba akapaza sauti kutoka mbele, na handaki likairudia sauti yake. "Hapo ndipo shida ilipo!"

"Na upande wa kwanza yuko nani?"

"Mimi!"

"Aa," mzee akasema. "Basi ugonjwa tumeujua."

Mkewe alicheka hadi ubao ukalia. Lakini binti hakucheka, maana alikuwa anatazama kitu. Nyuma ya wazee wale, katika urefu wote wa mashua yao, hakuona kivuli cha mtu.

"Bibi, nani kashika usukani wenu?"

"Kamba."

"Kamba?"

"Kamba, mwanangu. Tuliufunga katikati kabla ya kuingia. Mtu ashike wa nini, usukani usiogeuka?" Kisha bibi akasikiliza, na kicheko kikamtoka sautini. "Na wako? Nasikia maji yanachemka hapo chini. Umeukaza?"

"Nimeukaza."

"Tangu wapi?"

"Tangu mlangoni, bibi."

"Maskini mtoto," bibi akasema taratibu. "Kwa hiyo mmoja anasukuma, mmoja anabanwa, na wewe umekuwa nanga."

Hapo binti alielewa. Usukani uliokazwa upande mmoja ni ubao unaozuia maji; kila alipoficha kosa la baba yake, alipunguza mwendo wa mashua. Na akaelewa jambo la pili, lililomuuma kuliko la kwanza. Baba yake alikuwa na miaka thelathini ya handaki hili. Hakuna mtu aliyejua zaidi yake jinsi mashua inavyoitikia miguu. Mtu kama huyo akisukuma hivyo, hasukumi ili afike. Anasukuma ili asifike. Upande wa pili wa mlima palikuwa na kanisa, na baada ya kanisa palikuwa na chumba kidogo chenye jiko na vikombe, na mtu mmoja peke yake ndani yake.

Aliachia mkono mmoja.

"Baba," akasema. Hakupaza sauti; ndani ya handaki sauti haina pengine pa kwenda. "Mama alilala upande gani?"

Buti za kulia zikasita. "Upande gani wa nini?"

"Wa ubao."

"Kushoto. Unajua."

"Hapo alipolala huyu."

"Hapo."

"Na mlikuwa mkipita kwa muda gani?"

"Saa moja na nusu. Kila mtu anajua. Saa moja na nusu, miaka kumi na sita."

"Nguvu zake zilikuwa nusu ya zako?"

Baba akatoa sauti ndogo puani, karibu kicheko. "Mama yako? Alikuwa kama unyasi. Hata robo hazikufika. Huyu fundi ana nguvu kuliko yeye."

Akasikia alichokisema. Wote wakasikia. Mashua ikaenda polepole yenyewe chini ya nguzo ile ya mwanga, hakuna mguu uliokuwa ukutani, matone yakidondoka juu ya makaa.

"Basi ulipitaje naye, baba?"

 

"Nilikuwa nausikiliza mguu wake," baba akasema. "Anapouweka, ndipo nami naweka wangu."

 Baba aligeuza kichwa chake juu ya ubao, hata kikakaribia kichwa cha kijana.

"Fundi."

"Naam, mzee."

"Goti lako linatoka damu?"

"Kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema natafuta sindano."

"Ningesema," baba akakiri. Kisha: "Weka mguu. Si kwa haraka. Weka, nisikie."

Kijana akaweka mguu. Tap. Baba akaweka wake. Tap. Kijana akaweka wa pili, baba naye. Mwanzoni kulikuwa na pengo kati ya sauti mbili, kama mwangwi. Kisha pengo likapungua. Na baada ya hatua hamsini binti hakusikia tena kulia na kushoto, alisikia hatua moja. Usukani ukalegea mkononi mwake wenyewe. Aliuacha uende ulipotaka, nao ukaenda katikati, ukabaki hapo. Pua ya mashua ikajitenga na ukuta, shibiri moja na ushei kulia, shibiri moja na ushei kushoto, na sauti ya maji yanayochemka ikakoma.

Je, baba alikuwa amepunguza nguvu? Alizipunguza sana. Je, mashua ilipunguza mwendo? Walipita kisima cha pili dakika thelathini baadaye. Mita elfu moja na mia sita zilizobaki walizimaliza kwa saa moja kamili. Saa tano na dakika ishirini mwanga wa kaskazini uliwaangukia, na shangazi alikuwa pale na farasi, amekwisha kulia akanyamaza. Saa tano na dakika hamsini walisimama mbele ya mchungaji, watatu, weusi kwa masizi, na bibi arusi akalivua lile koti kuukuu.

Wanasema mchungaji alimuuliza bwana arusi kwa nini anachechemea, na kabla hajajibu, mkwewe alijibu kwa niaba yake. Alisema, "Ni mimi. Nilimsukumia mlima." Wanasema pia kwamba tangu siku hiyo, kila mshonaji yule alipofunga duka Jumamosi, baba alikuja kugonga mlango na kuuliza kama kuna mtu ndani anayetaka kupita handaki.

Ndugu zangu, mnadhani mfano huu ni wa baba mgumu na mkwe mnyonge? Hapana. Ungekuwa hivyo, tungeutoa moyoni kabla ya kufika kwenye lango la kanisa. Mfano huu unatuhusu sisi tulioketi hapa, tena viti vya mbele.

Sisi tunapomwona mtu amebanwa ukutani, tunauliza swali gani? Tunauliza, "Huyu ana nini?" Tunampima. Tunaona kweli upande wake umekwaruzika, kweli magoti yamekunjwa, kweli hasukumi. Vipimo vyetu ni sahihi, na hukumu yetu ni batili. Maana hatujauliza swali ambalo mzee yule aliliuliza kwa maneno sita: na upande wa kwanza yuko nani?

Na wako miongoni mwetu ambao hawakusukuma hata kidogo, ila wameshika usukani. Waliona tangu mlangoni. Walinyamaza wakaita ukimya wao heshima, wakawa wanarekebisha hapa na pale ili safari isionekane mbaya. Dada yangu, kaka yangu, mikono yako imechoka, na bado mashua haiendi. Unajua sababu.

Lakini msinielewe vibaya, wala msitoke hapa mkisema mzee wa kanisa amewapiga vita wenye nguvu. Nguvu za baba yule zilikuwa kipawa cha Mungu, na mlima ule usingepitwa bila hizo. Ninachokisema ni hiki: alijua tayari namna ya kuzitumia. Hakuhitaji semina. Miaka kumi na sita aliusikiliza mguu wa mtu dhaifu kuliko huyu na akafika kwa wakati, wala hakuona kwamba anajinyima. Kwa nini kwa yule aliweza na kwa huyu akashindwa? Kwa sababu yule alimpenda. Kila mzazi aliyeko hapa amemfundisha mtoto kutembea. Ulipunguza hatua zako hadi zikawa kama za kuku, na hakuna aliyerudi nyumbani akilalamika kwamba mtoto amemchelewesha. Tunajua, ndugu zangu. Siku ya hukumu hatutakuwa na utetezi wa kutokujua.

Nimalizie kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mwezi wa tatu mwaka huu tuliwapokea waumini wapya kumi na tisa mbele ya madhabahu hii. Mliimba, nami niliimba. Kisha tukawapa ratiba yetu: ibada ya alfajiri, kwaya mara tatu kwa wiki, mfungo wa siku ishirini na moja, zamu ya usafi, jumuiya ya mtaa, yote kwa mwendo wa sisi tulioanza miaka thelathini iliyopita. Wengine wana watoto wachanga. Mmoja ni mlinzi wa zamu, hulala mchana. Jumapili iliyopita niliwahesabu. Wamebaki saba.

Katika kikao cha wazee tuliandika sababu: "Hawakuwa na mizizi." Mwandiko ule ni wangu, mimi ndiye katibu. Sentensi hiyo ina maneno matatu, na mbele za Mungu sitaweza kulitetea hata moja.

Kumi na tisa ukitoa saba ni kumi na wawili. Majina yao ninayo hapa mfukoni, kila jina katika karatasi yake, na mtaa anakokaa. Ibada ikiisha nitasimama mlangoni. Atakayechukua karatasi asiende kumhubiria mtu huyo, wala asimuulize kwa nini ameacha kuja. Aende amwombe radhi, akae, amuulize siku yake inaanzaje na inaishaje, na wiki ile aishi kwa ratiba ya mwenzake.

Karatasi ni kumi na mbili. Moja nimekwisha kuiandika jina langu nyuma yake. Ni ya yule mlinzi. Zimebaki kumi na moja, ndugu zangu, nami sitaki kurudi nazo nyumbani.